Makosa ya Siku za Ukungu

Mimi ni mtu wa hasira na sijawahi kuficha. Siku ya usaili wa kazi niliulizwa udhaifu wangu ni upi, nikasema hasira, wakacheka, wakadhani natania. Hasira hiyo ndiyo iliyoandika ile barua pepe ya Jumatatu. Ningekuwa nimekula na nimelala, nisingeiandika.

Ilikuwa ndefu, lakini ubaya wake ulikaa kwenye sentensi mbili za mwisho. Niliandika kwamba makosa kwenye laini ya mtandao ya ziwani yanatokea mlinzi akiwa peke yake kituoni, na kwamba upo uwezekano mlinzi anahusika. Nikabonyeza, ikaenda kwa bosi. Mlinzi huyo ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu wa tumbo moja, na kazi hiyo ya ulinzi nilimwombea mimi kwa mdomo wangu.

Jioni bosi akapiga simu. Bosi wetu anakaa ofisi ya mkoa, ni mtu wa kutoka mbali, hajui nani ni ndugu wa nani huku kwetu, na mimi sikuwahi kumwambia. Akasema nimefanya kazi nzuri. Akasema Ijumaa atapanda kituoni Ukata na askari, na kama mpaka hapo sijampa sababu nyingine ya kitaalamu, mlinzi anakabidhiwa polisi kwa kuhujumu miundombinu. Nikajibu sawa, bosi. Kesi za namna hiyo nazijua. Mtu anasota rumande mpaka ndugu wanachoka kumpelekea chakula, na mjomba ana kifua kibovu, baridi ya Julai peke yake inamlaza.

Nikawa na siku tatu za kutafuta sababu nyingine.

Niseme kidogo kuhusu laini yenyewe, vinginevyo utadhani nilikuwa natafuta waya uliokatika. Waya uliokatika ni neema. Unaenda, unaunga, unarudi nyumbani kupika. Sisi tuna kibanda cha chuma juu ya kilima pale Ukata, na kutoka hapo mkongo unashuka mpaka Lundo, ziwani. Ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo, na mwanga unaopita humo haubebi habari kwa kuwaka na kuzima kama tochi. Huo ni mtindo wa zamani. Siku hizi habari inakaa kwenye pembe ya mwanga, kama mshale wa saa. Mshale ukielekea tatu una maana yake, ukielekea sita una maana nyingine. Ili kipokezi chetu cha Ukata kijue mshale unaelekea wapi, kina leza yake ndogo ya ndani, isiyobeba habari yoyote. Kazi yake ni kutulia tu, ili mwanga wa Lundo ulinganishwe nayo. Leza hiyo ikitikisika, pembe zote zinasogea. Mafundi tunayaita makosa ya fezi.

Kutikisika kidogo kunasahihishwa. Kipokezi kinachukua alama kadhaa zilizofuatana, kinapiga wastani, kinajua kimepotoka kiasi gani, kinajirudisha. Balaa ni pale kinapopotoka ghafla robo nzima ya mzunguko wa saa. Hapo kinajirudisha mahali pasipo pake na hakijui. Mshale ukiwa kwenye tatu kinasoma sita, ukiwa kwenye sita kinasoma tisa, na kinaendelea hivyo bila wasiwasi wowote, na kila kinachosoma ni uongo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yanatupata tangu mwezi wa sita, na yalikuja siku za ukungu na manyunyu tu. Jua likitoka, laini safi kama maji ya kuchuja. Ukungu ukishuka, Lundo nzima haina mtandao, na fundi mwenzangu wa kule, Mnyasa mmoja mpole sana, ananipigia kwa sauti ya kubembeleza. "Dada, huku wananitafuna mimi." Nikawa namjibu vibaya, kama vile yeye ndiye aliyeleta ukungu.

Na mjomba naye alinitia mashaka. Kila nilipopanda siku ya ukungu nilimkuta anahema, macho hayatulii. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, na hapo hapo anaanza kuniuliza habari za barabara. Mara moja nikazunguka nyuma ya kibanda, nikaona majani yamekanyagwa yakalala chini. Nikamuuliza nani alikuwa huku. Akasema mbuzi. Nikamtazama. Mtu mzima, mzee wa jumuiya kanisani, ananidanganya mbele ya uso wangu kuhusu mbuzi. Nilirudi Mbinga mjini nimefura, nikafungua kompyuta kabla hata ya kuvua koti. Hiyo ndiyo Jumatatu.

Jumanne nilikwenda kufukua maungio ya mkongo. Nilijiambia kama makosa yanakuja na ukungu basi maji yanaingia mahali, na nikiyapata maji mjomba amepona. Kutoka Ukata mkongo unashuka katikati ya mashamba, kwenye miteremko ambayo watu wamechimba ngoro, yale mashimo yetu ya Kimatengo yanayoshika maji ya mvua yasibebe udongo. Nilipita kwenye kingo zake na jembe begani, nikiteleza, nikitukana kimoyomoyo. Kila ungio nililofungua lilikuwa kavu. La mwisho nililifungua huku nasali kwa sauti, liwe na maji, Mungu wangu, liwe hata na tone moja. Kavu. Niliketi kwenye ukingo wa ngoro ya mtu nikalia kwa hasira, na kucha zangu zote zilikuwa zimejaa udongo.

Jumatano nilishinda kibandani. Nilijaribu kila nilichofundishwa na vingine ambavyo sikufundishwa. Niliongeza idadi ya alama zinazopigwa wastani, nikapunguza, nikaongeza tena. Ukiziongeza, kipokezi kinatulia lakini kinakuwa kizito, leza ikiruka ghafla kinaachwa nyuma. Ukizipunguza, kinakuwa chepesi lakini kinashtuka kwa kila kitu. Nikamwambia mwenzangu wa Lundo aongeze alama za mwongozo. Hizo ni alama ambazo pande zote mbili zinazijua tangu mwanzo, zinatumwa kila baada ya muda, ili kipokezi kikiona kinachosoma hakifanani na kile kilichokubaliwa, kigundue kwamba kimepotoka. Dawa nzuri ile. Inafupisha uongo. Lakini haisemi kwa nini leza inaruka, na bosi hakutaka dawa, alitaka sababu. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma baridi. Alamu hakuna hata moja. Na jua, jua lilikuwa linawaka kwa dharau siku nzima, makosa sifuri, hakuna cha kupima. Nilikaa pale nikiomba ukungu kama mwendawazimu.

Saa nane mjomba aliniletea mihogo ya kuchemsha na chai. Hakujua lolote kuhusu Ijumaa. Akasimama mlangoni, maana ndani haingii, ndivyo tulivyomwagiza siku ya kwanza na hakuwahi kulivunja agizo hilo.

"Mbona macho mekundu?"

"Vumbi, mjomba."

"Jana kwenye jumuiya nimeiombea mashine yako," akasema. "Niliitaja kabisa. Watu walinishangaa kidogo."

Nilitamani nimwambie akimbie, aende kwa ndugu zetu wa Ruanda, ya huku huku Mbinga, akae huko, lakini mlinzi akikimbia amekiri. Nikala mihogo yote nikaondoka bila kuaga vizuri.

Alhamisi asubuhi simu ya Lundo iliita kabla sijanywa uji. "Dada, imeanza." Nikachungulia dirishani, ukungu umefunika hata mti wa jirani. Nikaendesha pikipiki mpaka chini ya kilima cha Ukata, na hapo matope yakanikatalia. Gurudumu linazunguka, mimi siendi. Nikaiacha pikipiki kwa watu nikapanda kwa miguu, kwa njia ya mkato inayopita shambani kwa mama yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pale bila mlio wa injini.

Nikatokea nyuma ya kibanda. Pale ukutani pana tundu kubwa la kutolea hewa, lenye nondo, ambalo hewa ya moto kutoka kwenye mashine inapulizwa nje. Sikuliona. Palikuwa na chekeche za waya zimepangwa moja juu ya nyingine kuanzia chini mpaka juu, zimeegemezwa kabisa kwenye nondo, zimejaa kahawa iliyomenywa na kuoshwa, na juu yake turubai la bluu limefunika kila kitu ili joto lisitoroke. Mjomba alikuwa ameshika ncha moja ya turubai. Mama yangu alikuwa amepiga magoti, ameingiza mkono ndani, anageuza kahawa.

Mama akanitazama. "Umekuja kwa miguu?" akauliza. "Pikipiki iko wapi?"

Sikumjibu. Nilisikia feni za mashine. Kupitia turubai na kahawa yote ile nilizisikia zikilia kwa nguvu zao zote, sauti ambayo sijawahi kuikuta siku nyingine, kwa sababu siku nyingine walinisikia napanda, wakaondoa chekeche, feni zikapumzika. Nikafungua mlango nikaingia, nikaweka kiganja kwenye kipokezi. Kilikuwa kinatetemeka kama sahani mezani lori linapopita. Na nyuma yake kulikuwa na moto wa kuunguza, wakati kipimajoto changu cha kijinga kimening'inia mlangoni penye ubaridi. Leza imebanwa na joto na inatikiswa na feni, itatulia vipi.

Nikatoka nikaanza kuvuta chekeche na kuzitupa kwenye majani. Nilitupa mbili, kahawa ikamwagika. Nilikuwa nasema maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Mama hakunizuia. Aliokota punje zake moja moja akiziweka kwenye kitenge, na nilipoishiwa pumzi akasema taratibu, "Si wewe ndiye ulisema?"

Na kweli nilisema. Ilikuwa jikoni kwake, mwezi wa tano mwishoni, tunaota moto. Alikuwa analalamika kwamba mwaka uliotangulia kahawa yake iliyochumwa siku za manyunyu ilivunda yote kwenye vichanja, naye ameihangaikia kwa mikono yake ile na magoti yake yale. Nikamwambia, mama, hewa inayotoka kwenye kibanda chetu ingekausha kahawa ya Ukata nzima, na inapotea bure tu. Nilisema nikicheka, na kumbe yeye alikuwa ananisikiliza.

"Nilijua haturuhusiwi," mjomba akasema. "Ndiyo maana tulikuwa tunaondoa ukija. Lakini sikujua inaumiza. Hewa ikishatoka nje, nilidhani imekwisha kazi."

Nikawaambia basi. Habari ya Ijumaa, askari, na neno hujuma, ambalo mama hakulielewa mpaka nilipomwambia ni jela. Mama akauliza nani amemsema kaka yake. Ningeweza kusema ofisi.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyenipigia kelele, na ningeshukuru kama wangepiga. Mjomba alilikunja turubai vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka chini. Akasema, "Ulikuwa unafanya kazi yako."

Mama akasimama. Akasema anakwenda kwa mtendaji wa kijiji sasa hivi kueleza kwamba kahawa ni yake, wazo lake, kosa lake, na kaka yake alikuwa anamsaidia kuinua tu. Alikuwa ameshaanza kujifunga kitenge cha pili. Mjomba akamshika mkono.

"Wewe ni mama yake huyu," akamwambia. "Watauliza habari za kibanda ulizitoa wapi. Utamtaja?"

Mama akakifungua kile kitenge. Mjomba akanigeukia.

"Andika kahawa ni yangu."

Nilikataa. Nilikataa mara mbili, na nataka ieleweke hivyo, ingawa nikijichunguza ya pili haikuwa na nguvu kama ya kwanza. Kwa kosa la kahawa hatafungwa, mjomba alisema, atafukuzwa tu, na kufukuzwa si kufa. Alilisema kwa upole, kama anayenipangia safari. Mama akabeba chekeche zake kichwani akashuka nazo shambani, hakugeuka nyuma.

Nikaingia ndani, nikakaa mbele ya kompyuta. Makosa yalikuwa yanashuka yenyewe, sikugusa kitu. Kufikia saa sita, ukungu ukiwa bado umetufunika, kulikuwa na sifuri. Mwenzangu wa Lundo akapiga kunishukuru, sauti yake inakaribia kuimba. Nikaandika ripoti. Chanzo: mlinzi alizuia tundu la hewa kwa kukausha kahawa yake binafsi, pasipo nia ya hujuma. Joto likapanda, feni zikaenda kwa kasi ya mwisho, mtetemo ukafika kwenye leza, fezi ikaruka. Niliisoma mara tatu. Kila neno la kitaalamu lilikuwa kweli. Nikaituma.

Ilipokwisha kwenda ndipo nikajiuliza swali ambalo fundi yeyote angejiuliza siku ya kwanza. Feni zikifika kasi ya mwisho, kuna alamu. Inalia humu ndani, inawaka kwangu Mbinga, inawaka na kwa bosi. Kwa nini haikulia hata mara moja tangu Juni?

Jibu nilikuwa nalo. Kiangazi kilichopita vumbi lilikuwa linaziba vichujio, feni zinapanda kila siku, alamu haikomi, na mimi na hasira zangu nikaizima. Nilisema ni kwa wiki moja tu mpaka nisafishe vichujio. Vichujio nilisafisha. Alamu sikuiwasha, nilisahau kabisa. Ingekuwa hai, ile chekeche ya kwanza kabisa ingeliza kibanda kizima, mjomba angeshtuka, mama angebeba kahawa yake akaenda zake, na tungecheka siku ile ile.

Nikaiwasha. Nikabonyeza kitufe cha kuijaribu, ikalia, mlio mkali wa kutoboa masikio. Mjomba akaja mbio mpaka mlangoni, akasimama pale pale anaposimama siku zote.

"Nini hiyo?"

"Alamu ya feni, mjomba. Inalia joto likizidi."

Alifikiri. Yeye si fundi, lakini si mjinga.

"Mbona muda wote huu sijawahi kuisikia?"

"Ilikuwa imezimwa."

"Na nani?"

Nikamwambia. Sikuongeza maelezo, sikusema vumbi wala vichujio. Alinitazama, kifua kikipiga mluzi kama kawaida yake ya baridi, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona kitu kimemuuma kweli. Ripoti ilikuwa imeshakwenda. Ningeweza kuandika nyingine. Kompyuta ilikuwa wazi mbele yangu.

"Usimwambie mama yako," akasema. "Huyo hawezi kunyamaza. Atakwenda kusema, na kazi itatutoka sote wawili, mimi na wewe."

Akafunga mlango taratibu kutoka nje ili baridi isiingie.

Ijumaa bosi alikuja bila askari. Alipiga picha tundu la hewa, akamwambia mjomba arudishe koti la kazi na tochi, na akanipongeza mbele yake. Mjomba alivua koti pale pale kwenye manyunyu, akanipa mimi nilipokee.

Sasa tundu lina wigo wa chuma, mlinzi ni mtu wa kampuni ya ulinzi, na mama yangu hakaushi tena kahawa siku za ukungu, anaiacha ivunde. Kila Jumapili baada ya misa anampelekea kaka yake kapu la chakula. Akifika anakaa chini, na kabla ya kufungua kapu anamwomba msamaha kwa Kimatengo, maneno yale yale, kwamba tamaa yake ya kahawa ndiyo iliyomtoa kazini. Mjomba anamjibu kwamba yameisha. Anamjibu hivyo kila wiki, na akimjibu ananitazama mimi juu ya kichwa cha mama. Huwa nipo. Kapu ni zito kwa umri wa mama, kwa hiyo nalibeba mimi.